Seli zangu sugu zimerudi kusikia dawa baada ya wiki 3. Nimepoteza miezi 9, au kuna kitu hapa?

Mama_Chupa

Wakuu, habari za wakati huu. Naandika saa nane usiku na macho yamekauka, mtanivumilia nikirukaruka.

Niko mwezi wa 19 kwenye mkataba wa miezi 36 wa utafiti wa baada ya PhD. Nashughulika na usugu wa dawa kwenye saratani ya matiti, ile yenye vipokezi vya estrojeni, ambayo ni kama saba katika kila saratani kumi za matiti. Swali nililopewa siku ya kwanza lilikuwa la mstari mmoja: seli inayozuiwa na tamoksifeni, dawa inayoziba vipokezi hivyo, inafikaje mahali pa kuizoea?

Nikaanza na MCF-7, seli za saratani ya matiti zinazolelewa maabara, kama kila mtu. Nilizigawa kwenye chupa 4 tangu mwanzo, A, B, C na D, zisikutane tena. Midia (maji ya kulelea seli) isiyo na rangi ya fenoli nyekundu, seramu iliyopitishwa kwenye mkaa kuondoa homoni, halafu hidroksitamoksifeni, ile ambayo ini hutengeneza mgonjwa akimeza kidonge. Nikapanda nayo kidogokidogo mpaka mikromola 1. Miezi 9. Mwezi wa tatu chupa zilikuwa kama uwanja uliohamwa, seli moja huku, nyingine kule, na bosi akipita anauliza "bado hai?" Mwezi wa saba zikaanza kutambaa. Mwezi wa tisa zote 4 zilikuwa zinajaa chupa ndani ya dawa, wakati seli mama, zile za mwanzo ambazo sikuzizoesha dawa, kwenye dawa hiyohiyo zimekaa kimya.

Nikashukuru Mungu. Kisha inkubeta ikaharibika upande wa hewa ya kaboni, nikalazimika kugandisha kila kitu kwenye naitrojeni ya kimiminika.

Mwezi uliopita nimezifungua. Nilitaka kusoma vinasaba, nikaona nizilee wiki 3 bila dawa ili nisije nikapima athari ya dawa yenyewe nikaiita usugu. Wiki ya nne nikarudisha dawa. A na C zikaendelea kana kwamba nimemwaga maji. B na D zikasimama kama seli mama. Miezi 9 yote imeyeyuka ndani ya siku 21.

Nina vichupa vingine vya B na D ambavyo nilivifungua ndani ya dawa tangu siku ya kwanza. Hivyo bado ni sugu. Kwa hiyo kugandisha hakukuua usugu.

Nimesoma jeni ya ESR1, ile ya kipokezi cha estrojeni, kwenye B na D nikitafuta mabadiliko ya Y537S na D538G, maana bosi ana hamu nazo. Hakuna. Jumatatu akaniambia, kwa upole lakini mlango ukiwa wazi, kwamba usugu unaoondoka si usugu, nichukue A na C nitafute badiliko la jeni la kuandikia makala, B na D nizimwage.

Sijazimwaga. Naomba mawazo ya waliopita njia hii. Nizike au nichimbe?

Bibi_Pipeti

Pole mwanangu. Kabla hujazika wala kuchimba, nijibu mambo ya jikoni kwanza. Mimi si mtafiti, mimi ni fundi wa maabara, nimeshika chupa za seli kwa miaka 22, na nimeona maajabu mengi yakiishia kuwa uchafu.

Mikoplasma umepima lini? Nasema lini, siyo kama umepima. Kile kidudu hakina ukuta wa seli, penisilini yako haikigusi, na hukioni kwa hadubini ya kawaida. Kinakula pamoja na seli zako na kubadilisha zinavyoitikia dawa.

Utambulisho wa seli je? Kuna ukoo mmoja unaitwa MDA-MB-435, watu waliuandikia makala za saratani ya matiti miaka na miaka, kumbe unalingana na seli za saratani ya ngozi. Na hata kama ni MCF-7 kweli, usidhani MCF-7 ni kitu kimoja. Mwaka 2018 walichukua matawi 27 ya MCF-7 kutoka sehemu tofauti wakayapima na mamia ya dawa. Walau robo tatu ya dawa zilizozima sana baadhi ya matawi hazikufanya kitu kabisa kwenye mengine. Ukoo uleule, jina lilelile kwenye kichupa.

Halafu la tatu, ndilo linaloniwasha: zile wiki 3 bila dawa ulizilea kwenye midia gani?

Mama_Chupa

Mama, mikoplasma nimepima wiki mbili zilizopita kwa PCR (kipimo cha DNA), safi. Utambulisho nilifanya mwanzo na nimerudia juzi, zote 4 ni MCF-7.

Hilo la tatu limenifanya niinuke kwenye kiti. Nilizifungua kwenye midia ya kawaida. Ile nyekundu, na seramu isiyopitishwa kwenye mkaa. Nilitaka zipone haraka, seli zikitoka kwenye barafu huwa zinalegea. Nikapanga kuzirudisha kwenye midia safi baada ya siku 2. Zikawa zinakua vizuri, nikasahau. Wiki 3 zote zimekaa humo.

Vile vichupa vilivyobaki sugu navyo vilikuwa kwenye midia ileile ya kawaida, ila na dawa ndani.

Naona aibu kuandika hili.

Bibi_Pipeti

Aibu ya nini, ungekuwa hujaandika kwenye daftari ndiyo ningekuchapa. Fenoli nyekundu si rangi tu kwa seli zenye kipokezi cha estrojeni. Tangu mwaka 1986 inajulikana kwamba midia yenye rangi hiyo inazisisimua MCF-7 kama homoni dhaifu, na baadaye ikaonekana mkosaji ni uchafu kidogo unaokuja na rangi, si rangi yenyewe. Na seramu ambayo haijachujwa ina estrojeni ya ng'ombe ndani yake.

Wewe umesema "niliondoa dawa". Hapana. Uliondoa dawa UKALETA homoni. Hayo ni majaribio mawili kwenye chupa moja.

Kilo_ya_Takwimu

Fanya kama bosi alivyosema, toa makala na A na C, mkataba wako unaisha. Udadisi hauongezi mkataba. Wanaoajiri wanahesabu makala, hawahesabu chupa ulizozionea huruma.

Mzee_wa_Vinasaba

Ndugu Kilo, una haki yako, lakini ngoja kwanza. Mama_Chupa, nimesoma maelezo yako mara mbili na nina swali dogo kabla sijasema lolote refu. Siku za mwanzo baada ya kutoa dawa, B na D zilionekanaje? Zilikua moja kwa moja, au kuna kitu ulikiona?

Mama_Chupa

Mzee shikamoo. Nimefungua daftari. Siku ya 5 nimeandika "B na D: seli nyingi zinaelea, labda kugandisha". Siku ya 7: "midia imekuwa na ukungu, nimebadilisha". Siku ya 11: "visiwa vinakua vizuri". A na C siku ya 5: "ziko sawa".

Niliona lakini nikadhani ni zile zisizopona kutoka kwenye barafu. Sasa nikifikiri, seli zilizouawa na barafu huelea kesho yake, si siku ya 5.

Mzee_wa_Vinasaba

Marahaba. Basi nadhani hapo ndipo kisa kilipo, na tangu mwanzo sote tumekuwa tukiuliza swali kombo.

Umeandika kwamba seli "zimerudi kusikia dawa". Bosi wako naye amelipokea hivyohivyo, kwamba seli ile iliyokuwa sugu imeacha usugu. Lakini wewe hukuifuatilia seli hata moja. Umefuatilia chupa. Chupa ina mamilioni, na chupa inaweza kubadilika tabia bila seli yoyote kubadilika, ikiwa waliokuwa wengi wamekufa na waliokuwa wachache wamerithi nyumba. Ukiondoka kijijini wakati wa ukame ukarudi baada ya masika ukakuta wakulima watupu, huwezi kusema wafugaji wamegeuka wakulima mpaka uulize nyumba kwa nyumba.

Kwa hiyo una maelezo mawili na si moja. La kwanza, seli zilezile zimelegeza usugu dawa ilipoondoka. Hilo lipo duniani: mwaka 2010 kikundi kimoja kilionyesha, kwenye seli za saratani ya mapafu, kwamba wachache wanaopona dawa huingia hali ya kujikunyata, na wakikaa bila dawa kwa muda uzao wao unarudi kusikia dawa. Hapakuhitajika badiliko lolote la herufi kwenye DNA, mambo yalikuwa kwenye jinsi DNA ilivyokunjwa na jeni zipi zimefunguliwa. La pili, seli sugu zimekufa kwenye midia yako nyekundu na zile chache ambazo hazikuwahi kuwa sugu sana zimechukua nafasi. Seli zako za siku ya 5 zinazoelea zinanivuta kwenye la pili.

Sasa utauliza, estrojeni inaiuaje seli ya saratani ya matiti? Si ndiyo chakula chake? Vijana wengi hushangaa wakisikia kwamba kabla ya tamoksifeni kuwepo, homoni za jamii ya estrojeni zilikuwa DAWA ya saratani hii. Alexander Haddow na wenzake walitangaza mwaka 1944 kwamba estrojeni za kutengeneza kiwandani zilipunguza uvimbe kwa baadhi ya wanawake wenye ugonjwa uliokwisha kusambaa, na zilifanya kazi vizuri zaidi kwa wale ambao hedhi yao ilikoma miaka mingi nyuma. Uvimbe ambao umekaa muda mrefu bila homoni. Tamoksifeni ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1977 haikushinda kwa sababu ilipunguza uvimbe zaidi, ilishinda kwa sababu haikuwatesa wagonjwa vile.

Halafu V. Craig Jordan, ambaye aliifanyia kazi tamoksifeni maisha yake yote, akakumbana na kitu kama chako. Yeye na wenzake walihamisha uvimbe wa MCF-7 kutoka panya hadi panya chini ya tamoksifeni kwa zaidi ya miaka 5. Ulifika mahali tamoksifeni yenyewe inaulisha. Wakatoa dawa wakaweka estrojeni ya kiwango cha kawaida cha mwili. Uvimbe ukanywea. Na ule uliorudi kuota baadaye chini ya estrojeni, wakaurudishia tamoksifeni, ukaisikia tena.

Soma sentensi ya mwisho polepole halafu nenda kaangalie chupa B.

Mama_Chupa

Nimesoma. Nimetembea korido mara tatu.

Lakini Mzee, niruhusu nijibishane kidogo. Wao walitumia miaka 5 ndani ya panya. Mimi miezi 9 kwenye plastiki. Na kama ni hivyo, kwa nini A na C hazikufa? Zote 4 zimetoka chupa moja siku moja.

Mzee_wa_Vinasaba

Jibishana tu, ndiyo kazi. Kuhusu muda, usinikubalie mimi wala panya, pima. Seli za MCF-7 zilizonyimwa estrojeni kwa muda mrefu kwenye plastiki, bila panya wowote, zipo zinazokufa zikipewa estradioli, estrojeni kuu ya mwili, na vifo havianzi kesho yake, vinachukua siku kadhaa. Siku yako ya 5 hainishangazi.

Kuhusu A na C, umejijibu bila kujua. Uligawa chupa 4 mwanzoni zisikutane. Luria na Delbrück walifanya hivyohivyo na bakteria mwaka 1943: waligawa mbegu moja kwenye mirija mingi, kila mrija ukue peke yake, kisha wakahesabu sugu kwenye kila mmoja. Kama usugu ungekuwa ni jibu la seli kwa adui aliyemwona, mirija yote ingekaribiana. Haikukaribiana hata kidogo, mmoja ulikuwa na wengi, wa pili hakuna. Usugu ulikuwa umezaliwa kabla adui hajafika, mapema kwenye mrija huu, kwa kuchelewa kwenye ule. Chupa 4 hazikutoshi kufanya hesabu yao, lakini zinakutosha kujua kwamba njia za kufika kwenye usugu si moja. A na C zimepita mlango mwingine. Usiwe na haraka ya kudhani mlango huo ni ESR1. Mabadiliko yale yanaonekana sana kwa wagonjwa waliotumia dawa za kuzuia utengenezaji wa estrojeni ugonjwa ukiwa umesambaa, kwenye uvimbe wa mwanzo ni adimu.

Bibi_Pipeti

Baada ya elimu hiyo tamu, tuoshe vyombo. Mwanangu, unapima usugu kwa kipimo gani? Kile cha rangi ya zambarau?

Mama_Chupa

Ndiyo mama, MTT. Siku 6.

Bibi_Pipeti

Nilijua. Kile kinapima seli zinavyopumua, hakihesabu seli. Tamoksifeni kwa kawaida inazisimamisha MCF-7 kuliko kuziua. Sahani yenye seli chache zinazopumua sana na sahani yenye seli nyingi zilizojikunyata zinaweza kukupa rangi ileile. Hesabu seli zenyewe, kichwa kwa kichwa. Na zile zinazoelea usizimwage, zikusanye uzihesabu nazo, pima kama zimekufa kwa kujiua au kwa kupasuka. Kwenye kila chupa ninayoiona vijana wananyonya midia na kutupa jibu kwenye ndoo.

Na ili ujue kama ni seli au ni chupa, tenga seli mojamoja. Sahani ya vishimo 96, zimua mpaka wastani uwe nusu seli kwa kishimo, kisha kaa na hadubini uhakikishe ni moja kweli. MCF-7 hazipendi upweke, nyingi zitakufa tu kwa ukiwa. Wawekee nusu ya midia iliyokwisha kutumiwa na seli wenzao, iliyochujwa. Usiibe hatua hii.

Nesi_wa_Zamu

Samahani wataalamu, naingia kwenye mazungumzo yasiyo ya daraja langu. Mimi ni muuguzi wodi ya saratani, nimekuja humu kutafuta kitu kingine nikakwama kwenye uzi huu.

Ninachokijua mimi kuhusu usugu si chupa. Ni mama mmoja aliyekuwa anakuja kila miezi 3, anameza tamoksifeni mwaka wa nne, ugonjwa ukarudi kwenye mfupa. Kwenye faili pakaandikwa ugonjwa umekuwa sugu. Nilipokuwa namfunga kipimo cha presha akaniambia taratibu, asisikie daktari, kwamba ana mwaka mzima anameza siku moja anaacha tatu, kwa sababu ya moto unaompanda kifuani na shingoni usiku, shuka zinalowa. Sasa yule alikuwa sugu au alikuwa amechoka?

Na swali la pili, linaloniogopesha: mnasema kuacha dawa na kuleta homoni kunaweza kurudisha uvimbe kusikia dawa. Wagonjwa wangu wanasoma mitandaoni. Wakiliona hili si wataacha vidonge wenyewe?

Mama_Chupa

Dada Nesi, daraja gani tena, wewe ndiye unayewaona. Mimi mgonjwa wa karibu zaidi niliyewahi kumshika ni yule mtawa aliyetoa MCF-7, maji ya mapafuni mwake yaliyochukuliwa mwaka 1970, na yeye alifariki mwaka huohuo. Nafungua chupa yake kila asubuhi.

Swali lako la kwanza, sina kipimo changu chochote kinachoweza kulijibu, na hilo limenikaa. Kwenye chupa mimi ndiye ninayeweka dawa, haisahauliki siku hata moja, haina joto la usiku. Kwenye faili neno "sugu" linawabeba watu wawili tofauti kabisa, na sampuli zao zikifika maabara tunazisoma kama ni kitu kimoja tukitafuta jeni.

La pili nijibu bila kuzungusha, ili akiingia mgonjwa alione: HAPANA. Mgonjwa anayeacha tamoksifeni baada ya miaka 4 hayuko kwenye hali ya uvimbe wa panya uliokaa miaka 5 ukiwa umegeuka kulishwa na dawa. Wengi wao hawana uvimbe unaoonekana kabisa, dawa inalinda. Miaka 5 ya tamoksifeni inapunguza vifo vya saratani hii kwa karibu theluthi moja, na faida inaendelea kuonekana miaka mingi baada ya kuacha. Akizidiwa na lile joto amwambie daktari, kuna namna za kulipunguza na kuna dawa nyingine za kubadilisha.

Mzee_wa_Vinasaba

Naongezea hapo kwa ajili ya Nesi. Jambo hili limeshajaribiwa kwa watu, chini ya uangalizi. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wanawake 66 ambao ugonjwa wao uliosambaa ulikuwa umeshinda dawa za kuzuia utengenezaji wa estrojeni. Walipewa estradioli, kundi moja miligramu 6 kwa siku, kundi jingine 30. Kwenye makundi yote mawili karibu watatu katika kila kumi walinufaika, na ile dozi ndogo iliwasumbua kidogo zaidi kwa maana ya kuwasumbua pungufu. Nisameheni, Kiswahili kimenikimbia: dozi ndogo iliwatesa wachache. Na baadhi ya walionufaika, ugonjwa ulipoanza tena, walirudishiwa dawa za mwanzo zikafanya kazi tena.

Ni watatu katika kumi. Maana yake saba hawakupata kitu, na tulikuwa hatuna namna nzuri ya kujua mapema nani yumo kwenye watatu. Ndiyo maana nakuambia usimwage B na D, Mama_Chupa. A na C ndio wale saba.

Kilo_ya_Takwimu

Sawa, Mzee hapo umenipata. Swali la B dhidi ya A ni makala. Lakini mwambie bosi kwa lugha yake. Usimpelekee chupa yenye huzuni, mpelekee jaribio la wiki 3 lenye tarehe ya mwisho. Na uchore kabla hujaanza matokeo yapi yatakufanya uache.

Mama_Chupa

Wakuu, nimerudi baada ya wiki 5. Nilisema sitarudi mpaka nina kitu mkononi.

Nilifanya kama Kilo alivyosema, nikampa bosi ukurasa mmoja. Akauliza swali moja tu, "ukikosea utajua lini?" Nikasema siku ya 8. Akasaini.

Kila chupa ya B ikatoka kwenye kichupa kilichobaki ndani ya dawa. Kundi la kwanza midia safi na dawa. La pili midia safi bila dawa, bila homoni. La tatu midia safi bila dawa, na estradioli nanomola 1. Hivyohivyo kwa A na kwa seli mama. Nikahesabu seli zenyewe kichwa kwa kichwa, mama, na zinazoelea nikazikusanya kwenye mrija badala ya ndoo.

Siku ya 3 hakuna kitu. Siku ya 4 nikaanza kuandika barua ya kuomba radhi kichwani. Siku ya 5 asubuhi nikaitoa B yenye estradioli, nikaiinamisha kidogo chini ya taa, na ule ukungu niliouandika kwenye daftari ulikuwa pale, unateleza upande mmoja wa chupa kama maji ya mchele. Chini ya hadubini seli zimejikunja, zimetoa vijibonge pembeni, zinang'oka. Nikageukia seli mama, estradioli hiyohiyo kutoka mrija huohuo: zimenenepa, zimejaa chupa. A nayo inakua, haina habari.

Na B isiyo na dawa wala homoni? Wiki 3 zimepita, nimeirudishia dawa, bado ni sugu. Kwa hiyo kuondoa dawa peke yake hakukufanya kitu. Bibi_Pipeti alikuwa sahihi kwamba nilifanya majaribio mawili kwenye chupa moja.

Seli mojamoja zimenitoa jasho. Kwenye sahani 2 za B ya awali nimepata koo 14 tu zilizoota, kila ukoo uzao wa seli moja. Kati ya hizo 11 zinakufa kwenye estradioli, 3 zinakua nayo, na hizo 3 ndizo zinazoacha kukua kwenye tamoksifeni. Zilikuwemo ndani ya chupa "sugu" muda wote, zimejikunyata tu katikati ya wenzao. Hao ndio waliorithi nyumba.

Kabla Mzee hajafurahi: koo 14 ni chache, na D imekataa. Nimeirudia D mara mbili, inapukutika kidogo siku ya 6 kisha inaendelea, si kama B. Sielewi bado. Huenda D ni lile jibu la kwanza la Mzee, zile zinazolegea zenyewe.

Bosi amekuja jana, akainama kwenye hadubini muda mrefu bila kusema neno, kisha akauliza vichupa vya D vimebaki vingapi kwenye naitrojeni. Nimemwambia 6. Akasema nisifungue hata kimoja mpaka tuweke alama ya kinasaba kwenye seli mama, tuanze upya chupa 12, tujue kila seli mtoto wa nani.

Miezi 9 mingine. Nimebakiwa na 15 na siku kadhaa.

Mama Bibi_Pipeti, nahitaji ushauri wa seramu. Nataka kununua ya kundi moja itakayotosha chupa zote 12 mpaka mwisho, nisije nikabadilisha katikati. Huwa unaipimaje kabla hujaagiza nyingi?

Bibi_Pipeti

Omba sampuli za makundi 3 au 4 kwanza, mwambie muuzaji akushikilie mzigo. Lea seli mama kwenye kila moja baada ya kuichuja na mkaa, bila homoni yoyote. Ile ambayo seli zinakua ndani yake peke yake, iache, ina homoni iliyobaki. Unataka ile ambayo zinakaa zikikusubiri mpaka uwape estradioli.

Na andika namba ya kundi kwenye kila ukurasa wa daftari. Kila ukurasa, mwanangu.